Nyangumi kavificha wapi? Habari za viungo vya uzazi vya nyangumi na pomboo

Ukitoka Bagamoyo mjini ukaelekea kaskazini mpaka Mto Wami unapomwaga maji yake baharini kule Saadani, watu wa boti watakuonyesha viboko wamejazana kwenye maji ya matope, pua na masikio tu ndo yako nje, na kama ni kati ya mwezi wa saba na wa kumi na moja basi huko nje kwenye kina wanapita nyangumi wa nundu, wametoka Antaktika wanakuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Wageni wanampiga picha kiboko, wanarudi hotelini wanakula pweza wao, na hakuna anayewaambia kwamba wale wawili ni ndugu wa damu kabisa. Katika wanyama wote walio hai leo hakuna aliye karibu na nyangumi kwa ukoo kuliko kiboko.

Leo nataka kuongelea kitu ambacho huwa hakisemwi, nacho ni jinsi nyangumi na pomboo walivyobadilika zile sehemu za uzazi walipotoka nchi kavu kuingia majini. Kwa hiyo wazee wangu na mashehe wangu natangulia kuomba radhi, nitajitahidi maneno ya heshima lakini kuna mahali itabidi nitaje kitu kwa jina lake. Na wale ambao habari za mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, hamzipendi, sawa, mimi naeleza mifupa na nyama, mwenye imani yake abaki nayo.

Tuanze na ukoo manake bila ukoo haya mengine hayakai vizuri. Kama miaka milioni 50 hivi iliyopita, sehemu ambayo leo ni Pakistan, kulikuwa na mnyama wa miguu minne anaitwa Pakicetus, ukimwona ungesema ni mbwa mwenye mdomo mrefu, lakini mfupa wa sikio lake una umbo ambalo liko kwa nyangumi. Watu wa DNA, mfano Nikaido na Okada kule Japani mwaka 1999, walikuwa wameshasema kwamba nyangumi yuko familia moja na kiboko, watu wa mifupa wakawa wanabisha, wanataka ushahidi wa kushika mkononi. Mwaka 2001 timu mbili, ya Philip Gingerich na ya Hans Thewissen, zikatoa karibu kwa wakati mmoja mifupa ya kifundo cha mguu wa nyangumi wa kale, na kifundo kile kina umbo la pekee, kimechongwa kapi juu na kapi chini, umbo ambalo wanalo wanyama wa kwato zilizopasuka tu, ng'ombe, mbuzi, nguruwe, ngamia, twiga, na kiboko. Ubishi ukapungua sana hapo. Ila tusielewane vibaya, nyangumi hakutokana na kiboko, ni kwamba wana babu mmoja wa zamani sana, mmoja akaenda huku mwingine akaenda kule.

Sasa kwa nini nahangaika na kwato? Kwa sababu ukitaka kuelewa dhakari ya nyangumi inabidi uanzie zizini.

Mtu aliyefuga ng'ombe au mbuzi, na Tanga wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wapo wengi watanielewa, anajua kwamba dhakari ya fahali haifanani na ya farasi wala ya binadamu. Ya binadamu inategemea kujaa damu mpaka inakuwa kubwa. Ya fahali imejaa nyuzi ngumu, ni ngumu muda wote hata akiwa amelala zake anacheua, na imekunjwa ndani ya mwili umbo la S, kuna msuli unaoishikilia irudi ndani, wakati wa shughuli msuli ule unalegea mkunjo unanyooka kinatoka kirefu kwa haraka, alafu kinavutwa tena. Na haina mfupa ndani, wakati mbwa anao. Basi pomboo na nyangumi ndivyo walivyo, nyuzi zilezile, mkunjo, msuli wa kuvuta, mfupa hakuna. Nyangumi wa buluu anayo ya mita 2 na nusu hivi na yote inaingia ndani, nje unaona mstari tu.

Kwangu mimi hapa ndo pana siri kubwa ambayo watu huipita. Mnyama anayeogelea kwa kasi hataki kitu chochote kinachotokeza, kila kinachotokeza kinakamata maji, ndo maana pomboo hana masikio ya nje, hana nywele, hana chuchu inayoonekana. Babu yake alipoingia majini alikuwa tayari na kiungo kinachojua kurudi ndani. Kama yule babu angekuwa wa jamii ya farasi sijui hadithi ingekwendaje. Mageuko hayatengenezi kitu kutoka sifuri, yanachukua kilichopo yanakikarabati, na hii ya nyangumi ni ukarabati mwanzo mpaka mwisho, na kila alichokificha kilimletea shida yake mpya ambayo nayo ikabidi itafutiwe dawa.

Kwa vile vyote vimefichwa, wavuvi wengi wakimtoa pomboo kwenye jarife hawajui kama ni dume au jike, wanasema tu pomboo. Kumbe kujua ni rahisi. Mgeuze tumbo juu. Dume ana mipasuko miwili iliyopangana mbele na nyuma na katikati pana nafasi, wa mbele ni wa uume, wa nyuma ni wa haja kubwa. Jike ana mpasuko mmoja mrefu ambao vyote vimo humohumo, na kushoto na kulia kwake kuna vimipasuko viwili vidogo, humo ndo chuchu zimelala. Basi.

Haya, korodani. Beberu zake zinaning'inia nje, na shuleni tulifundishwa sababu, mbegu za kiume haziivi vizuri kwenye joto la ndani ya mwili, zinataka ubaridi kidogo chini ya digrii 37. Nyangumi na pomboo wamezirudisha ndani, tena sio kidogo, ziko tumboni kabisa nyuma ya figo, zimezungukwa na misuli mikubwa inayopiga mkia, misuli ambayo ikifanya kazi inatoa joto jingi, na nje ya hapo kuna tabaka nene la mafuta linalozuia joto lisitoke. Ukiangalia kwa haraka unasema huyu angetakiwa awe tasa.

Miaka mingi hakuna aliyekuwa na jibu lililonyooka. Mwaka 1992 watafiti Sentiel Rommel, Ann Pabst na wenzao wakaonyesha kwamba damu iliyopozwa na maji ya bahari kule kwenye pezi la mgongoni na kwenye mkia (ngozi ya hapo ni nyembamba, mafuta karibu hakuna) hairudi yote moyoni kwa njia ya kawaida, sehemu yake inapita kwenye mishipa iliyo juujuu mpaka kwenye wavu bapa wa mishipa uliokaa karibu na korodani, na huo wavu umegusana na wavu mwingine wa mishipa inayoleta damu ya moto kutoka moyoni. Damu baridi inakwenda huku, damu moto inakwenda kule, zimepakana, joto linahama. Ni radieta ya gari ile, isipokuwa hii maji yake hayaishi. Baadaye, mwaka 1994 na 1995, walewale wakapima joto la pomboo hai kwa kupitisha kipimo chembamba nyuma mpaka kwenye utumbo mkubwa, kazi za watu hizi jamani, wakakuta sehemu iliyo jirani na korodani ina ubaridi kuliko mbele yake na nyuma yake, na la kushangaza zaidi pomboo akiogelea kwa nguvu sehemu ile badala ya kupanda joto inashuka, kwa sababu akikimbia damu nyingi zaidi inapelekwa mapezini kupozwa.

Na jike anao mfumo huohuo, kwake unapita jirani na mfuko wa uzazi. Mtoto tumboni anatoa joto lake mwenyewe na mama kavaa mafuta, bila hiyo damu ya baridi mtoto angepata tabu. Kwa hiyo kitu ambacho tunakiita cha korodani kinawezekana kabisa kina umuhimu uleule kwa jike, tatizo ni kwamba hadithi ya dume ndo huwa inaanza kusimuliwa, na hili nitalirudia manake linaniudhi.

Kidogo kuhusu kiboko hapohapo. Kiboko dume naye hana mfuko unaoning'inia, korodani zake zimekaa kwenye kinena na anaweza kuzivuta ndani zaidi, madaktari wa mifugo wa Vienna wakiongozwa na Chris Walzer waliwahasi viboko 10 na wakaeleza jinsi zinavyowapotea mkononi, wanapima wanaona ziko hapa, wakimgeuza mnyama zimeshasogea, kwa umbali unaoweza kufika sentimita 40. Siwezi kusema nyangumi amerithi hilo kutoka kwa babu yao au kila mmoja kalipata kivyake. Na nguva je, yule wa Rufiji na Mafia ambaye watu wanamweka kundi moja na pomboo? Nguva ni ukoo wa tembo, wala sio wa nyangumi, korodani ziko tumboni kama za tembo, na chuchu ziko karibu na kwapa kama za tembo vilevile. Tembo na ndugu zake zimekaa ndani tangu zamani za kale. Nyangumi anatoka kwenye ukoo ambao zilishatoka nje, yeye akazirudisha. Mwisho wake wanafanana lakini kila mmoja kapita njia yake.

Tuje kwenye mfupa. Vitabu vingi vya shule vinasema nyangumi ana vifupa vya nyonga ambavyo ni mabaki tu, ushahidi kwamba zamani alikuwa na miguu, havina kazi. Nusu ya hiyo sentensi ni kweli. Ni kweli miguu ilikuwepo, kule Misri kwenye jangwa la Wadi al-Hitan wamejaa Basilosaurus, nyangumi wa kale wa mita 15 na zaidi, na mwaka 1990 Gingerich, Holly Smith na Elwyn Simons wakaonyesha kwamba lile dude lilikuwa na vijiguu vya nyuma vyenye goti na vidole, vifupi kuliko mkono wa mtu mzima. Havikuweza kumbeba hata dakika moja. Wao walidhani labda vilikuwa vinasaidia wakati wa kupandana, kushikana wasiteleze. Na hata leo kijusi cha pomboo kikiwa na wiki chache tumboni kinaota vichipukizi viwili vya miguu ya nyuma, alafu vinasimama kukua na kumezwa na mwili, mwaka 2006 Thewissen na wenzake walieleza kuwa jeni moja muhimu ya kuotesha kiungo haiwashwi pale. Mwaka huohuo, mwezi wa kumi, wavuvi wa Taiji Japani wakamkamata pomboo jike mwenye mapezi mawili ya ziada karibu na mkia, pale ambapo miguu ingekuwepo. Mambo.

Lakini "havina kazi" ndo uongo. Misuli inayoendesha dhakari ya nyangumi imejishika kwenye vifupa hivyo viwili, ambavyo vimeachana na uti wa mgongo vinaelea ndani ya nyama. Na dhakari ya nyangumi inageuka, inapinda, inatafuta njia yenyewe, na lazima iwe hivyo, manake fikiria viumbe wawili wenye ngozi ya kuteleza, hawana mikono ya kushikana, hawana ardhi ya kusimama, wanasogea, na wote wawili wanatakiwa wakapumue juu. Mwaka 2014 Jim Dines wa makumbusho ya Los Angeles na Matthew Dean wa chuo kikuu hukohuko pamoja na wenzao wakachukua vifupa hivyo vya wanyama zaidi ya 100 wa spishi 29 wakavipiga picha za pande tatu, wakalinganisha na ukubwa wa korodani za kila spishi. Wakakuta spishi ambazo korodani ni kubwa, yaani zile ambazo jike mmoja anapandwa na madume wengi, vifupa vya nyonga navyo ni vikubwa, na umbo lake linabadilika zaidi. Na kwa kuwa walikuwa watu makini wakapima na mbavu za wanyama walewale waone labda ni mwili mzima umekua, mbavu hazikuonyesha hilo. Kwa hiyo mfupa ulioitwa mabaki bado uko kazini, kilichoisha ni kazi ya kutembea.

Hapa lazima nieleze kwa nini ukubwa wa korodani unaonyesha tabia, wengi wanadhani dume mwenye kubwa ndo shujaa. Ukiwa na jike mmoja anayekubali madume watano siku moja, kupigana hakukusaidii sana, mwenye mbegu nyingi ndo ana nafasi kubwa ya kuwa baba, vita vinahamia ndani ya mwili wa jike. Robert Brownell na Katherine Ralls waliandika hili kwa nyangumi mwaka 1986. Nyangumi raiti, wale wanene weusi wasio na pezi la mgongoni, jozi ya korodani inakaribia tani 1, hakuna mnyama mwingine duniani anayefika hapo, hata nyangumi wa buluu ambaye kimwili anamzidi kwa mbali hamfikii. Na madume wa raiti wanamzunguka jike mmoja bila fujo kubwa, wanasukumana tu. Nyangumi wa nundu, hawa wanaopita kwetu, wao ni kinyume, korodani ndogo kwa mwili wao, lakini wanaimba, wanakimbizana nyuma ya jike mmoja, wanagongana mpaka damu inatoka. Mmoja anapigana kabla, mwingine anapigana baada. Kwa pomboo wako pomboo dasiki wa bahari za kusini ambao korodani zinafika asilimia 8 ya uzito wa mwili, hebu piga hesabu kwa mwanaume wa kilo 75 uone ingekuwa kilo ngapi, alafu ucheke peke yako.

Mpaka hapa umeona nimeongelea madume zaidi, na hata sayansi yenyewe ndivyo ilivyokwenda kwa miaka mingi, wanapima dhakari, wanapima korodani, uke wanauchora kama bomba. Sio bomba. Ukifungua uke wa pomboo unakuta mikunjo, mikunjo mikubwa ya nyama imesimama njiani, mingine imefanya kama mlango wa pili kabla ya mlango wenyewe wa mfuko wa uzazi, na kila spishi ina mpangilio wake. Mikunjo ya namna hii huikuti kwa wanyama wengi, lakini kiboko jike naye ana uke wenye matuta makubwa ya kukingamana, ndo huo ukoo tena.

Inafanya nini? Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba inazuia maji ya chumvi yasiue mbegu, na chumvi kweli inazidhuru. Watafiti wawili, Dara Orbach na Patricia Brennan, walikuja na njia nyingine ya kuuliza. Walichukua viungo vya wanyama waliokufa wenyewe na kuokotwa ufukweni, dhakari wakazijaza maji kwa presha mpaka zikasimama kama za mnyama hai, uke wakautengenezea umbo lake kwa silikoni, alafu wakaingiza kimoja ndani ya kingine wakapitisha kwenye siti skani waone vinakutana vipi, matokeo yakatoka mwaka 2017. Kwa pomboo pua-chupa vilikaa vizuri kama pembe ya kuingia ni sahihi. Kwa popoizi, yule ndugu mdogo wa pomboo wa bahari za kaskazini, mambo ni magumu, uke wake umejisokota na mikunjo mingi, dume akija pembe isiyotakiwa anakwama mbali na pale anapotaka kufika. Na watu waliokuwa wanawapiga picha popoizi pale San Francisco wameona madume wanamvamia jike kwa upande wa kushoto tu, siku zote kushoto.

Maana yake unaiona? Jike akijigeuza kidogo tu, akalalia ubavu mwingine, amebadilisha pembe, na huyo dume kazi yake inaishia njiani. Kwa pomboo hili sio dogo. Kule Shark Bay Australia imeandikwa tangu miaka ya 1990 jinsi madume wawili watatu wanavyoungana kumteka jike mmoja na kutembea naye wiki nzima hata kama hataki, na huyo jike hana mbavu za kupigana na watatu. Kwa hiyo sehemu ya uamuzi wa nani awe baba inaweza kuwa imehamia ndani, kwenye mikunjo. Nasema inaweza kuwa, manake kuona kwenye maabara ni jambo moja na kuthibitisha kwa mtoto aliyezaliwa ni jingine. Mimi binafsi naona hoja ya jike ina nguvu kuliko ile ya maji ya chumvi, kwa sababu kama ni chumvi tu kwa nini kila spishi iwe na umbo lake wakati bahari ni ileile.

Brennan na Orbach hawakuishia hapo. Mwanzoni mwa 2022 wakatoa uchunguzi wa kinembe cha pomboo pua-chupa, majike 11, wote waliokufa kwa sababu zao. Wakakuta kina tishu ya kujaa damu, mishipa ya fahamu minene inafika nusu milimita, na ngozi nyembamba kuliko ya jirani, na kimekaa mlangoni kabisa pa uke ambapo hakiwezi kukosa kuguswa. Pomboo wanapandana mwaka mzima hata wakati ambao jike hawezi kushika mimba, na majike wanasuguana wenyewe kwa mapezi na midomo. Hitimisho lao ni kwamba kile kiungo kinaelekea kufanya kazi, yaani huenda jike anapata raha. Kinachonishangaza ni mwaka wenyewe, 2022, pomboo amefugwa kwenye mabwawa ya maonyesho tangu enzi za bibi zetu, dhakari yake imepimwa kila namna, na hiki ndo kwanza kinachunguzwa vizuri juzi.

Kuzaa. Mwaka 2009 Gingerich alieleza nyangumi wa kale wa Pakistan, Maiacetus, wa miaka milioni 47 na nusu, jike mwenye kijusi tumboni, na kichwa cha kijusi kimeelekea nyuma, yaani kingetangulia kutoka. Wanyama wa nchi kavu wanazaa kichwa mbele ili mtoto aanze kupumua hata kama mwili haujamalizika kutoka, kwa hiyo akasema huyu alikuwa bado anapanda ufukweni kuzaa. Wako waliomhoji kama kweli kile ni kijusi au ni mlo. Leo nyangumi na pomboo mara nyingi wanazaa mkia mbele, ingawa sio sheria, wako waliozaliwa kichwa mbele kwenye mabwawa na wakaishi. Na hapa ile nyonga iliyoachana na uti wa mgongo inalipa mara ya pili, kwa binadamu mtoto anapenya kwenye duara la mfupa na ndo maana uzazi wetu una machungu na hatari, nyangumi duara hilo hana tena, njia yote ni nyama, ndo anaweza kutoa mtoto wa mita 7 kama wa nyangumi wa buluu, mmoja kwa mimba, aliyekomaa, anayeogelea saa ileile.

Maziwa nayo yana shida yake ya kufichwa. Mtoto wa pomboo hana midomo laini ya kunyonya kama ndama, na chuchu iko ndani ya mpasuko. Anachofanya ni kuukunja ulimi uwe mfereji, pembeni pana vijinyama vinavyofunga maji yasiingie, anaugandisha pale, na mama anayakamua maziwa kwa misuli yake mwenyewe yanaruka kinywani. Ni sekunde chache tu kabla hawajapanda kupumua, kwa hiyo maziwa lazima yawe mazito, kwa nyangumi wakubwa theluthi moja au zaidi ni mafuta, ng'ombe wetu asilimia 4. Mtoto wa nyangumi wa buluu anaongeza kilo 90 hivi kwa siku. Na yule mama wa nundu anayepita nje ya Tanga na mtoto ubavuni, huku kwetu hali karibu chochote, chakula chake kiko Antaktika, maziwa yote yale anayatoa kwenye mafuta aliyokuja nayo mwilini.

Karibu yote niliyoeleza yametoka kwa mizoga, wanyama waliosukumwa na maji ufukweni au kunaswa kwenye nyavu. Pwani yetu ina pomboo pua-chupa wa Bahari ya Hindi, ina pomboo nundu ambaye anakaa karibu na nchi na amebaki mchache, na uke wa hawa wa kwetu ungeweza kutwambia mengi, ila mzoga ukitokea aidha unakatwa chambo cha papa au unafukiwa kabla jua halijazama. Ukiukuta usiushike kwa mikono mitupu, una maradhi, piga picha nyingi za ubavu na za tumbo, weka kitu cha kulinganishia urefu, andika siku na mahali, alafu mpigie bwana samaki wa wilaya kabla watu wa visu hawajafika.